Chupa ya Sita

Kutoka bwawani
Jumatatu, 3 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza kelele. Huku watoto wamepona mafua. Baba yao ndiye bado anapiga chafya, lakini sahani anaimaliza, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Nimehamishwa. Baada ya miaka yote ile kwenye mtambo wa kusafisha maji mjini, nimeletwa huku juu kwenye bwawa lenyewe, katika chumba cha mitambo. Ni chumba chenye meza ya chuma, kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, birika la umeme, na dirisha linalotazama maji. Ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna anayetaka kuitoa kwa sababu ina picha nzuri ya maporomoko. Chini ya dirisha zimepangwa sukani za valvu, kila moja na rangi yake. Ya bluu ni ya bomba linalokwenda mjini. Ya kijani ni ya bomba linalorudisha maji mtoni. Nyekundu ni ya bomba la chini kabisa, la kutolea tope. Ya njano imefunikwa gunia.

Hiyo ya kijani ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Mto unaopita chini ya kivuko chako unatoka kwenye bomba ambalo naliona nikiinua kichwa. Mji haunywi maji yote. Kila siku lazima sehemu iachiwe mto, ili samaki, matete, vyura na vyote vinavyoishi humo viendelee kuwepo. Ni kanuni ya bwawa tangu lijengwe, si hisani ya mtu. Nilikuwa naijua kwa kuisoma. Sasa naishika kwa mikono.

Kwa kuwa simu haishiki huko bondeni, nimezungumza na dereva anayekuja kwako kila Jumanne kuchota maji ya kupima. Wanamwita Breki, nadhani kwa sababu za gari lake hazipo. Amekubali kubeba barua zetu ndani ya kreti ya chupa. Amesema, "Dada, barua za baba na mwana nabeba bure. Zikiwa za mapenzi tutaelewana vingine."

Nijibu kwa mkono wa huyohuyo.

Binti yako

*

Kutoka kivukoni
Jumanne, 11 Agosti

Mama,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, haujabadilika, bado unaandika kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Goti halijambo. Asubuhi linaamka kabla yangu na kuniita.

Mkwe wangu mwambie anywe maji ya moto. Kama yapo.

Huyo Breki namfahamu kuliko unavyodhani. Kila Jumanne anachuchumaa ukingoni mwa kivuko kujaza chupa zake, na kwa vile hajui kuogelea inabidi nimshike shati kwa nyuma. Wiki iliyopita kola ilibaki mkononi mwangu. Alipiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Chupa alizijaza zote hata hivyo, tano za kwenda kupimwa na ya sita ya akiba.

Nimewaambia abiria kwamba mto huu unafunguliwa na binti yangu. Nimewaambia wote, hata wale ambao hawakuuliza. Mama mmoja mwenye kuku wawili kapuni akasema, "Basi mzee, mwambie mwanao aongeze kidogo. Hapa katikati tunasugua mchanga kama tunasugua sufuria." Na kweli. Unajua kivuko chenyewe, mbao juu ya mapipa na kamba ya kukivutia kutoka ukingo hadi ukingo. Zamani nilikuwa navuta naimba. Siku hizi tukifika katikati mapipa yanakaa chini, na wanaume wanashuka kusukuma. Mmoja aliniambia hajawahi kupanda chombo kinachompanda yeye.

Kwa hiyo kama una nafasi, ongeza kidogo siku ya soko. Natania. Lakini siku ya soko ni Jumamosi.

Baba yako

*

Kutoka bwawani
Jumatatu, 17 Agosti

Baba,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu kwa goti. Huku sote wazima, na yule wa chafya ameacha.

Nimecheka sana kuhusu kola. Breki anasema hakupiga kelele, alikuwa anakohoa.

Kuhusu kuongeza maji, najua ulitania, lakini acha nikueleze ili ukiulizwa ujue la kujibu. Ndani ya bwawa kuna mnara, na mnara una midomo mitatu ya kuchotea: wa juu, wa kati na wa chini. Maji ya mto huchukuliwa mdomo wa juu, kwa sababu ndiyo yanayopata jua na upepo. Mji unachukua ya kati. Mdomo wa chini hufunguliwa mara chache, kusukuma tope. Kiasi cha kila mdomo anakipanga Injinia, mkuu wangu hapa, na mimi nafungua alichopanga. Siwezi kuongeza hata ndoo.

Isitoshe mvua imekataa, na bwawa linashuka. Ukingo wa udongo uliokuwa chini ya maji sasa umepasuka kama ngozi ya kisigino. Hivi karibuni mdomo wa juu utabaki hewani, na itabidi mto uchangie mdomo wa kati na mji. Mjini maji yanatoka kwa zamu. Mtaani kwetu ni Jumanne na Ijumaa, na juzi Ijumaa hayakutoka. Nilipanga foleni na ndoo zangu kama wengine. Jirani yangu wa mlango wa pili akasema kwa sauti ya kutangaza, "Jamani, mpisheni mwenye bwawa! Mwenzetu amesahau funguo." Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikasogea mbele kidogo na foleni.

Nakuandikia haya kwa sababu huku kila mtu anaamini maji yapo na mtu fulani ameyakalia.

Binti yako

*

Kutoka kivukoni
Jumanne, 25 Agosti

Mama,

Marahaba, na salamu kwa nyumba yote. Mimi mzima. Nilikuwa na kikohozi kidogo, kimeenda kumtafuta mwingine.

Nimekuelewa kuhusu midomo mitatu. Nimeisoma barua yako mara mbili na kumsomea mwenye kuku, naye akasema bwawa lina midomo mingi kuliko mume wake.

Sikuombi kitu. Nakueleza tu kama unavyonieleza. Mto umepungua tangu wiki iliyopita, nadhani ndipo mlipohamia huo mdomo wa kati. Mahali pengine sasa ni madimbwi yaliyounganishwa na kijimfereji. Samaki wamejazana humo, unawaona migongo. Kaa wanatembea juu ya mchanga mchana kweupe wakitafuta pa kuhamia.

Jumamosi kivuko hakikutoka kabisa. Nilikaa juu yake, kamba mkononi, tangu asubuhi. Watu walivuka kwa miguu upande wa chini wakiwa wamebeba viatu. Walinisalimia vizuri. Kijana mmoja fundi baiskeli akauliza, "Mzee, leo umepaki?" Nikamwambia nasubiri taa ya kijani. Tukacheka wote wawili. Alipokwisha kuvuka nikaendelea kukaa.

Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anasema mimi nikiachishwa kamba nitakuwa kama nguo isiyo na mtu ndani. Nilikuwa nabisha.

Baba yako

*

Kutoka bwawani
Jumatatu, 31 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini kikohozi hakijarudi. Huku wazima.

Ninaandika kwa haraka. Jumamosi hii Injinia atakuwa mjini kwenye kikao, na zamu ya asubuhi ni yangu peke yangu.

Nimelifikiria jambo lenu wiki nzima na nimeona njia. Mdomo wa chini haumpi mtu maji. Mji hauyataki, maana yana harufu na yanachafua mabomba, na kwenye mtambo wa kusafisha tulikuwa tunayalaani kila yakituponyoka. Yamelala pale tu. Nikifungua usukani mwekundu kwa asubuhi moja, mto utapanda na mji hautapoteza hata kikombe. Nimelipima kwa kila upande na sioni anayeumia.

Kwa hiyo Jumamosi kaa tayari na kamba yako. Usimwambie mtu mpaka maji yafike.

Binti yako

*

Kutoka kivukoni
Jumapili, 6 Septemba

Mama,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili.

Maji yalifika jana asubuhi kabla watu wa soko hawajaanza kushuka. Kwanza niliisikia kamba ikivutika, kisha mapipa yakaanza kugongana, kisha kivuko kikanyanyuka chenyewe nami nikiwa juu yake. Ulisema nisimwambie mtu mpaka maji yafike. Yalipofika nikawaambia. Nilisimama ukingoni nikapiga kelele, "Huyo ni binti yangu! Pandeni!" Wakapanda. Mwenye kuku alikuja, fundi baiskeli alikuja na baiskeli tatu. Nilivuta mpaka mikono ikawaka. Kivuko kinaelea vizuri sana, hilo naomba ulijue.

Harufu tuliisikia katika safari ya pili au ya tatu. Mayai viza. Watu wakatazamana, fundi akasema, "Mzee, nani kati yetu?" Wakacheka. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilipoweka mkono yalikuwa baridi kama ya mtungini.

Kisha samaki wakaanza kuja juu. Wadogo kwanza, midomo nje ya maji, wanafunguafungua kama watu wanaotaka kusema kitu. Halafu perege wakubwa, wamelala ubavu. Kufika adhuhuri ukingo wote ulikuwa mweupe kwa matumbo. Kaa walipanda juu ya matete wakakaa huko. Kambare peke yao ndio wazima. Wanapanda, wanameza hewa, wanashuka.

Watu walijaza makapu. Wengine hawakuthubutu. Mwenye kuku aliniangalia, akasema bila ukali, "Mzee, binti yako ametupikia mto." Safari ya mwisho nilivusha samaki waliokufa na watu walioziba pua.

Leo maji yameshuka tena, kivuko kimekaa mchangani, na nzi wamekuja.

Sijakasirika. Nataka uniambie ni kitu gani ulichotuletea. Wananiuliza, nami ndiye niliyesema ni wewe.

Baba yako

*

Kutoka bwawani
Jumatatu, 14 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia u mzima.

Breki alinipa barua yako Jumanne jioni, akaniambia, "Dada, keti kwanza." Alikuwa ameshaiona hali kwa macho yake. Niliisoma, nikaenda moja kwa moja kwa Injinia nikamweleza nilichofanya. Yeye ni mtu wa sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akanieleza, na mimi nakueleza wewe kama alivyosema.

Maji ya chini ya bwawa hayaoni jua wala upepo miezi na miezi. Majani na tope vinaozea humo na kumaliza hewa yote. Kwa hiyo ni maji yasiyo na pumzi, na yakiingia mtoni yanaikuta pumzi ya mto na kuila nayo. Samaki hawakulishwa sumu. Walikosa hewa wakiwa ndani ya maji. Kambare wamepona kwa sababu wanavuta ya juu.

Mimi nilijua maji yale ni mabaya kwa mabomba na kwa chai ya watu. Mtamboni hatukuwahi kuyafikiria kwa upande mwingine, maana samaki hawako kwenye orodha ya wateja.

Kisha akanipeleka kwenye usukani wa njano, akatoa gunia. Ni bomba linalotoka mdomo huohuo wa chini, lakini mwisho wake linayarusha maji juu hewani kama mvua, na yanapoanguka mtoni yanakuwa yamekwisha kupumua. Lilifunikwa kwa sababu linalowesha kibanda cha mlinzi, na kwa miaka mingi halikuhitajika. Liko hatua chache kutoka kiti changu.

Akaniuliza, "Kwa nini hukuniuliza?"

Nikasema, "Ungekataa, Injinia."

Akasema, "Kiasi, ningekataa. Njia, ningekuonyesha."

Nimepewa onyo kwa maandishi, na mwisho wa mwezi ujao narudi mtamboni. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Kamati ya maji inakutana Alhamisi ya tarehe ishirini na nne. Mji una kiu kweli, Baba, hospitali inabebewa maji kwa ndoo. Sasa wapo wanaosema: mto wa chini umekwisha kufa, samaki wote wameelea, tunaupelekea maji wa nini? Wanataka usukani wa kijani ufungwe kabisa mpaka mvua. Yaani wanataka kutumia kosa langu kumalizia nilichoanza. Ukifungwa, hata madimbwi yatakauka, na mvua ikija haitakuta cha kufufua.

Injinia anapinga. Lakini ameniambia, "Neno lako kwa sasa halina uzito mbele yao. Kama kuna chochote huko kinachoonyesha mto uko hai, kiletwe."

Je, kuna kitu? Niandikie unachokiona, hata kama ni hakuna.

Na watu waambie jinsi ilivyokuwa. Usinifunike.

Binti yako

*

Kutoka kivukoni
Jumanne, 22 Septemba

Mama,

Marahaba. Naandika Breki akinisimamia kichwani, kwa hiyo salamu nyingine zijaze mwenyewe.

Nimewaambia watu. Niliwasomea barua yako yote palepale kwenye kivuko kilichokaa. Mwenye kuku akasema, "Kumbe hakututupia uchafu, alitupendelea vibaya." Fundi baiskeli bado ana hasira, nami sikumkatalia.

Ukipita kivuko ukafuata kona, mahali ulipokuwa unafulia na mama yako, kuna chemchemi ndogo inaingia mtoni chini ya matete. Maji meusi hayakufika ndani kule. Nimekwenda kila asubuhi tangu barua yako, goti likinisema njiani. Wapo, Mama. Vifaranga vya perege, wengi, wamejibana pale penye maji safi. Kaa wamo pia. Vyura jana walianza kupiga kelele upya. Lakini dimbwi lenyewe linapungua. Mto usipoletewa kitu, halitafika mwezi.

Nimekuwekea wanne ndani ya chupa ya sita. Breki amegomba, eti "Mzee, chupa ya maabara hii, si sufuria ya bibi yako!" Nikamuuliza nani atamshika shati Jumanne ijayo. Amenisogezea kreti. Mdomo wa chupa nimeufunga kwa kitambaa, usiuzibe, na usiiache juani.

Tazama chupa ya sita.

Baba yako

*

Kutoka bwawani
Ijumaa, 25 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepumzishwa. Huku wazima.

Wamefika wote wanne. Breki aliendesha polepole kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu. Amesema akikuta shimo alikuwa anawaomba radhi. Nimewaweka kivulini kwenye chumba cha mitambo, na nimekuwa nikiwabadilishia maji kwa yale ya juu ya bwawa. Ya bomba yangewaua, yana dawa.

Jana nilikwenda nao kikaoni. Ni ukumbi mrefu wenye feni moja inayozunguka na nyingine inayotazama. Niliiweka chupa mezani mbele ya Injinia, nikakaa nyuma ukutani. Mezani zilikuwepo chupa nyingine za maji ya kunywa. Walizungumza sana. Muuguzi mkuu wa hospitali alisema mashuka ya wodi ya wazazi yanafuliwa kwa maji ya kukopa jirani, na wakati anaongea moyoni nilikuwa upande wake. Mwingine akasema samaki hawapigi kura. Kisha yule wa mto-umekufa akaanza hotuba yake, na katikati akashikwa na kiu. Akanyoosha mkono akaichukua ya sita. Aliiinua hadi mdomoni ndipo akasita, akaiangalia kwenye mwanga.

Akasema, "Hii ina watu ndani."

Injinia akasema, "Wanatoka kwenye ule mto uliokufa. Tafadhali endelea."

Walicheka, chupa ikapita mkono kwa mkono kuzunguka meza yote. Muuguzi aliishika kwa muda mrefu kuliko wengine. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena neno kufunga. Wakaanza kubishana kiasi, nalo ni jambo tofauti.

Wamekubaliana hivi. Mdomo wa kati wote uwe wa mji, na hospitali itangulie. Mto upewe maji ya chini kupitia usukani wa njano, kila siku bila kukatwa, mpaka mvua. Mlinzi atahamishiwa kibanda.

Kisha Injinia akaniita mbele, akaniuliza mbele yao ni kiasi gani kinachotosha kuunganisha madimbwi yabaki hai. Nilikuwa nimekipiga hesabu naye, nikakitaja. Mtu mmoja akauliza kama huko chini hakuna kivuko. Nikasema kipo. Akauliza kama kiasi hicho kitakibeba. Nikasema hapana. Akauliza kama naomba kiongezwe kwa ajili hiyo. Nilijua nikiomba kidogo zaidi wangeanza upya kutoka mwanzo, na chupa ilikuwa imekwisha kuzunguka. Nikasema siombi.

Hawakujua ni cha nani. Injinia alijua, akaangalia karatasi zake.

Jumanne Breki atakurudishia chupa ya sita pamoja na barua hii. Wote wanne wamo. Warudishe kwao.

Binti yako

*

Kutoka bwawani
Jumatatu, 12 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Huku wazima.

Jumanne mbili zimepita na kreti imerudi bila barua. Mara ya kwanza nilidhani imeanguka njiani. Mara ya pili nilimuuliza Breki. Anasema uko, unakula, ila uko ndani ya mto unapiga nyundo na hukutaka kutoka kumshika shati, akajishikilia mwenyewe kwenye nguzo. Chupa ya sita hakurudi nayo.

Maji ya njano tumeyafungua tangu siku ileile ya kikao. Kutoka dirishani naona yanavyoruka. Asubuhi jua likiyapata yanakuwa na rangi, mpaka mlinzi amesogeza kiti chake aangalie, ingawa alilalamika kuhama.

Kama umenikasirikia kwa ajili ya kivuko, niandikie hivyohivyo. Afadhali nisome.

Binti yako

*

Kutoka kivukoni
Jumanne, 13 Oktoba

Mama,

Marahaba. Mimi mzima, mikono tu imekuwa ya fundi.

Nilikasirika. Siku kama tatu hivi. Kisha nikaenda kwenye kona nikakuta madimbwi yameshikana, na matete yametoa ncha mpya. Nikamwambia mwenye kuku kwamba kivuko hakina mashavu ya kuvutia hewa kama samaki, kinaweza kukaa nje. Akasema maneno hayo nimechelewa kuyasema, yeye alishayafikiri.

Kivuko tumekipindua ukingoni juu chini. Kuku wake wawili wanataga humo, amekwisha kusahau kuwachukua. Kamba nimeitumia. Nilikuwa napigilia nguzo mtoni, zile nyundo alizokusimulia Breki ndizo hizo, na kamba sasa imepita juu ya nguzo, kimo cha kifua. Chini yake tumepanga mawe. Watu wanavuka kwa miguu wakiishikilia. Fundi baiskeli amenisaidia kubeba mawe makubwa, bila kuongea, kisha siku ya mwisho akaongea. Wazee na wenye mizigo nawashika mkono mwenyewe. Bado wananiita mvushaji.

Wale wanne niliwapeleka penye chemchemi. Watatu walitoka mara moja. Mmoja akakataa, akabaki ananiangalia. Nikailaza chupa ndani ya maji, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa tupu. Ndiyo hiyo imo kwenye kreti, Breki alikuwa amefikia kuiota usiku.

Jumamosi ni siku ya soko. Usiongeze kitu.

Baba yako